Ndoo ya Mjomba

Barabara ya Dar es Salaam ilipokatika Somanga mwezi Mei 2024, baada ya Kimbunga Hidaya, Kilwa Kivinje haikukosa samaki, wala nazi, wala maneno. Nyumbani kwetu kilichokosekana ni hamira. Waliolazimika kusafiri walizungukia Masasi na Songea, lakini hakuna mtu anayeizunguka nusu ya nchi kwa ajili ya kijipakiti cha hamira, na duka la mtaani likawa limebakiwa na viberiti na sabuni.

Hili lilikuwa jambo zito kwa sababu Mama mkubwa hukaanga vitumbua. Mchele anauroweka mchana, anausaga jioni kwa tui na iliki, unalala na hamira usiku, na alfajiri chuma kiko mekoni. Wanafunzi wanakula kwake, mabaharia wanakula kwake, na wapo wazee ambao wangekasirikia zaidi kukosa kitumbua kuliko walivyokasirikia kukosa barabara. Pakiti ilikuwa imebaki moja. Yeye alitaka kuitumia kwa kudonoa, nusu kijiko leo, robo kesho, na kuuacha unga uumuke muda mrefu zaidi. Ilikuwa akili nzuri, na kama tungemwachia, nisingekuwa na cha kuandika.

Lakini Mjomba alikuwapo. Mjomba ni mdogo wake Mama mkubwa, ana mikorosho yake upande wa Nangurukuru, na ana majibu ya maswali yaliyoulizwa na ya yale ambayo hakuna aliyefikiria kuyauliza.

"Dada," alisema, "hamira ni kiumbe. Kiumbe ukimlisha anazaa. Kwa nini tuhangaike kununua watoto na wazazi tunao ndani?"

Hapo, nimtendee haki, hakukosea. Hamira ni kuvu wenye seli moja moja, kila seli ikiwa na upana wa kama sehemu tano hadi kumi za elfu moja ya milimita, kwa lugha nyepesi: huioni. Seli huzaa kwa kuchipua. Kijichipukizi hutoka ubavuni, kikanenepa, kikajitenga. Ikipata joto, hewa na chakula cha kutosha, hujirudufu kila baada ya saa moja na nusu hivi. Mjomba aliyasoma hayo kwenye simu, akazidisha mbili kwa mbili mpaka betri ikaisha, akatoa taarifa kwamba ifikapo Ijumaa tutakuwa tunawauzia hamira watu wa Lindi mjini.

Ndoo ya kwanza ilikuwa maji ya kisima, pakiti yetu ya mwisho, na sukari. Nyote mnakumbuka sukari ya mwaka ule. Tangu Januari ilikuwa imepanda bei hadi watu wakaanza kunywa chai ya chumvi kwa hiari. Hata hivyo povu lilipopanda mbele ya macho yetu, sote tulimpongeza. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mjomba alisifiwa akaongeza sukari. Usiku ule ndoo ilichemka kwa sauti, bubu-bubu, na yeye akalala usingizi wa tajiri.

Asubuhi povu lilikuwa limeshuka, na chini yake kulikuwa na kitu chepesi ajabu. Ukikichota kwa upawa kinadondoka chote mara moja, hakiachi alama. Mama mkubwa alitia kikombe kizima kwenye unga wake, akasubiri. Unga ulijivutavuta kidogo tu, basi. Vitumbua vya siku ile vilitoka bapa, na mteja mmoja akauliza kama ni chapati za watoto.

Hapo akaingia Shemeji, mume wa dada yangu. Shemeji aliwahi kuwa kibarua kwenye mtambo wa kuchimba gesi, na alichotoka nacho kule ni ovaroli moja na heshima kubwa kwa matope. Wachimbaji, alitueleza, hawalikadirii tope la kisima kwa jicho. Wanalimimina kwenye faneli na kuhesabu sekunde mpaka kipimo kijae. Faneli yenyewe inaitwa kwa jina la Mmarekani Hallan Marsh, aliyeieleza mwaka 1931, na maji safi hupita humo kwa sekunde 26 bila ubishi. Tope likichukua muda mrefu kuliko inavyotakiwa, wanajua limekuwa zito. Likiharakisha, wanajua limelegea. Shemeji akachukua kopo tupu la siagi ya mkate, akalitoboa chini kwa msumari, akaanza kutupimia mnato wa mambo ya nyumbani. Alipima maji ya kisima. Kisha akapima ndoo ya Mjomba. Simu yake ilionyesha karibu sekunde zilezile.

"Mkwe wangu," Mama mkubwa alimwambia kwa upole, "maji umeyapima mara mbili."

Kwa kifupi ndivyo ilivyokuwa. Kimiminika chenye chembe ndani yake huwa kizito kadiri chembe zinavyochukua nafasi. Albert Einstein, kabla hajawa jina la kutajia watoto wanaofaulu hesabu, aliandika juu ya hili katika tasnifu yake, iliyochapishwa mwaka 1906 na kusahihishwa mwaka 1911: chembe za mviringo zikiwa chache, kila asilimia moja ya nafasi zinayochukua huongeza uzito wa mtiririko kwa asilimia mbili na nusu. Seli za hamira zikijaza sehemu 4 katika 100 za ndoo, mtiririko unakuwa mzito kwa sehemu kama 10 katika 100. Ndoo ya Mjomba haikuongeza chochote ambacho kopo la siagi lingeweza kukigundua. Maana yake seli hazikuzaa vya kutosha.

Na sababu ni chakula. Sukari kwa hamira kwanza ni kuni. Inawaka, inatoa gesi na kileo na joto, na ndoo inapiga kelele. Lakini seli mpya haijengwi kwa kuni peke yake. Inataka naitrojeni ya kutengenezea protini, inataka fosfati, inataka vitamini kidogo kama biotini, na inataka hewa. Mjomba alikuwa amefunika ndoo kwa mfuniko na kuuwekea jiwe, paka asiingie. Seli zake zilikuwa na kuni za kutosha mtaa mzima, hazina tofali hata moja. Viwandani wanakohesabu fedha hufanya kinyume chake: hewa inapulizwa bila kukoma, molasi inadondoshwa kidogo kidogo, na chumvi za amonia zinatiwa kwa kipimo. Kinachotoka ni rojo la hamira lenye yabisi kama asilimia 18, ambalo bado linapita kwenye mabomba. Likamuliwe maji mpaka yabisi zifike asilimia 30 tu, na huna tena kitu cha kumimina. Una mche unaovunjika mkononi.

Mjomba aliposikia neno amonia, macho yakamng'aa. Alikuwa na mfuko wa mbolea shambani.

"Hutii mbolea kwenye chakula cha watu ndani ya nyumba hii," Mama mkubwa alisema, na mjadala huo ukafungwa kabla haujafunguliwa. Kisha akanyamaza kidogo, akasema, "Kimea."

Nataka nikae hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo palipo na elimu, na elimu yenyewe ilikuwa kwenye kopo juu ya kabati, imewekwa kwa ajili ya uji wa mjukuu. Kimea ni nafaka iliyorowekwa, ikaachwa iote, ikaanikwa, ikasagwa; kwa Mama mkubwa ni mtama au ulezi. Kusini huku kila mwenye kutengeneza togwa anakijua. Unapika uji mzito, unaupoza mpaka uwe vuguvugu, unatia kimea, na kabla hujamaliza kukoroga uji umelegea na kuwa wa kunywa. Mwiko uliokuwa umesimama wenyewe unaanguka ubavuni mwa sufuria.

Wataalamu wetu walilichukulia jambo hili kwa uzito tangu zamani. Mwaka 1983 A. C. Mosha na mwenzake U. Svanberg walichapisha utafiti juu ya uji wa kulikiza wa Tanzania uliolegezwa kwa unga wa nafaka iliyoota, na Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1973, ikawa miongoni mwa waliokisemea kimea. Tumbo la mtoto ni dogo. Uji mzito unamshinda kumeza. Ukiuzimua kwa maji anashiba maji. Kimea kinakata njia ya katikati: vimeng'enya vyake vinakatakata minyororo ya wanga iliyovimba na kuukaza uji, unga unabaki uleule, lakini sasa unatiririka. Mtoto anapata chakula kingi zaidi katika kikombe kilekile. Mimi huona hii ni miongoni mwa kazi nzuri kabisa za sayansi katika nchi hii, na inasikitisha kwamba kina mama wengi wa mijini leo hununua unga wa lishe wa bei mbaya na kuuzimua kwa maji.

Sasa angalia mzunguko wake. Wanga uliokatwa unakuwa sukari. Nafaka iliyoota imekwisha kuvunja sehemu ya protini yake kuwa asidi amino, ambazo ndiyo naitrojeni ambayo hamira inaweza kuimeza. Protini nzima inaishinda. Kwa hiyo kilekile kinachoulegeza uji kinailisha hamira, hamira inazaa, na ndoo inaanza kuwa nzito upya, safari hii kwa msongamano wa seli. Mugula wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wenzake walichunguza togwa na kuchapisha matokeo mwaka 2003. Humo walikuta bakteria wa kuchachusha pamoja na aina kadhaa za hamira, mojawapo ikiwa ndugu hasa wa hii ya pakiti. Togwa hainunuliwi hamira dukani. Inakuja nayo.

Mama mkubwa hakujua majina hayo na hayakumpungukia. Alipika uji wa mtama, akatia kimea, akautia tone la mabaki ya ndoo ya kwanza, akaagiza usifunikwe kwa jiwe. Akakosea kitu kimoja tu: alimwambia Mjomba alete ndoo kubwa zaidi.

Mjomba alileta ndoo nyeupe, nzuri, yenye mpini imara. Aliisuuza. Usiku ule ndipo mtaa wetu uliponuka.

Sijui nianzie wapi kuueleza ule uvundo. Kuufananisha na yai viza ni kulitusi yai viza. Ulitoka uani, ukapita ukumbini, ukatoka barazani, ukavuka njia. Kabla ya saa nne usiku jirani alikuwa mlangoni, pua ameiziba kwa kanga.

"Hodi wenyewe! Jamani, gesi imetoboka huko kwenu?"

Watu wa Kilwa tuna ugonjwa wetu wa gesi. Tangu mwaka 2004 gesi ya Songo Songo inatoka kisiwani, inapita chini ya bahari, inaibukia Somanga na kuendelea na safari yake kwenda Dar es Salaam, na kila harufu isiyo na mwenyewe tunaisingizia bomba. Shemeji alitoka nje na ovaroli lake, akawaeleza waliokusanyika kwamba gesi asilia yenyewe haina harufu, harufu hutiwa baadaye ili watu wastuke. Maelezo hayo hayakumtuliza mtu. Mzee mmoja alisema kama isiyonuka ndiyo ya hatari, basi yeye anaondoka, na akaondoka.

Ndoo ilikuwa ya salfa. Mjomba, kama wakulima wengi wa korosho ukanda huu, alikuwa amejiandaa na unga wake wa salfa kwa ajili ya ubwiriunga, ule ukungu mweupe unaokausha maua ya mkorosho, na ndoo hiyo ndiyo aliyokuwa akichotea tangu msimu uliopita. Kusuuza hakutoi salfa, haiyeyuki majini. Hamira inayozaa ikikutana nayo huigeuza kuwa gesi ya hidrojeni salfaidi. Wakulima wa zabibu wa Ulaya wanalijua janga hili, maana nao hunyunyizia mizabibu salfa dhidi ya ukungu wa aina hiyohiyo, na huacha kunyunyizia wiki kadhaa kabla ya mavuno, wasije wakatengeneza mvinyo wa kunuka. Laiti mmoja wao angekuwa anaishi Kivinje.

Ndoo ilibebwa usiku na kumwagwa mbali. Mjomba alitembea nayo peke yake, na watu walimpa njia.

Ya tatu ilikuwa ya haki. Ndoo ya maji ya kunywa, uji wenye kimea, maji ya madafu mawili, sukari kwa kijiko badala ya kwa kikombe, na mwiko unapita humo kila anayekwenda uani anapokumbuka. Mbegu ilikuwa tone la ndoo ya kwanza lililosalia kwenye kikombe. Shemeji akarudi na kopo lake, na sasa lilikuwa na habari. Kila alipopima, muda ulirefuka. Kilichokuwa kikichuruzika kilianza kuteremka kwa uzi mnene, kisha kwa uzi unaosita. Mama mkubwa hakuitazama simu. Alichovya upawa, akauinua, akatazama jinsi kinavyouacha, akasema kesho watu watakula.

Ila sukari iliisha usiku, na maji yetu ya kisima yametoka kwenye mwamba wa matumbawe. Birika lolote la Kivinje litakuonyesha chokaa yake. Haya mawili yakikutana, aina nyingi za hamira, pengine hata wale wageni wa togwa wanaokuja na kimea, hubadili tabia. Kwenye ngozi ya seli kuna protini zinazofanya kazi ya vidole: hushika sukari zilizo kwenye ngozi ya seli jirani, na kalsiamu ya chokaa ndiyo inayovikaza vidole visiachie. Sukari ikiwa imejaa majini, vidole vimeshika hiyo na jirani hashikwi. Sukari ikiisha, vinashika jirani, jirani anashika mwenzake, madonge yanajiunda na kuzama. Watengeneza bia wanaisubiri saa hiyo kwa hamu, kwa sababu bia yao hubaki juu ikiwa angavu. Sisi hatukuwa tunaisubiri.

Mjomba alirudi kutoka msikitini alfajiri akaikuta ndoo imegawanyika: juu maji ya rangi ya majani makavu, safi kabisa, chini tope. Akahukumu kuwa hamira imeoza na uchafu umekaa chini. Akachota maji ya juu kwa kata, taratibu, kwa uangalifu ambao hatujapata kuuona kwake, akayajaza kwenye sufuria safi. Tope akalimwaga chini ya mpapai. Kisha akaja nayo sufuria jikoni, kofia ya swala bado kichwani, akamkabidhi dada yake kwa mikono miwili.

Mama mkubwa aliinusa. Akamtazama. Akainusa tena.

"Mdogo wangu," alisema, "hamira umeimwaga, umeniletea pombe."

Dada yangu alilazimika kutoka nje. Shemeji alijifanya anatafuta kopo lake. Mjomba alibaki amesimama na ile sufuria, hawezi kuiweka chini jikoni na hawezi kutoka nayo barazani, ambako wenzake wa msikitini walikuwa wanamsubiri kwa kahawa. Mwishowe ilimwagwa chooni kimyakimya, na nyumba nzima ikakubaliana kwamba ilikuwa maji ya kuoshea mchele.

Chini ya mpapai kuku walikuwa wamefika. Lakini ndoo ilikuwa na sakafu nzito ya madonge iliyogoma kutoka, na hiyo ilitosha. Mama mkubwa alitia sukari na tui vuguvugu, akakoroga, na yale madonge yaliyokuwa yakidondoka vipande vipande yakaachiana, yakawa rojo moja laini. Shemeji alitaka kupima. Akapima lililotulia, kopo likaziba. Akapima lililokorogwa, likapita. Akaliacha kidogo akapima tena, likasita. Alikasirika. Tope la wachimbaji lina tabia hiyohiyo, linalegea ukilisukasuka na kukaza likitulia, na wao huvumilia. Yeye alitaka namba moja ya kuandika, na rojo la hamira iliyoshikana halina namba moja. Linakujibu kulingana na ulivyolisukuma. Mama mkubwa huupiga unga wake kwa mwiko kila mara kabla ya kumimina, siku zote, na nilipomuuliza sababu alisema usipoupiga unakuwa mvivu.

Vitumbua vya siku hiyo vilivimba vizuri, na vilikuwa na uchachu kidogo wa togwa. Wazee walisema vinafanana na vya zamani. Wanafunzi walisema vimechacha. Vilikwisha vyote.

Magari yalipoanza kupita, hamira ikarudi dukani. Mama mkubwa ananunua kama kawaida, ila huacha kikombe cha rojo la kimea kwenye kona yenye ubaridi na kukilisha uji. Mjomba amekuwa akieleza barazani juu ya Einstein, na nimemsikia akisema yeye na Einstein walitofautiana kwenye jambo dogo tu. Hesabu ya sukari haijalipwa. Mama mkubwa ameiandika kwa mkaa ukutani jikoni, kilo kwa kilo, kwa bei ya mwezi Mei, na Mjomba anadai ipigwe kwa bei ya sasa.

"Ya sasa ni ya nani?" Mama mkubwa anamuuliza kila anapokuja kuchukua vitumbua. "Wewe ulikula ya sasa?"